Uji wa Mtoto: Historia ya Kumlisha Mtoto Mdogo Tanzania

Karibu kila mahali Tanzania, chakula cha kwanza anachopewa mtoto baada ya ziwa la mama yake ni uji. Dodoma na Singida uji huo ulikuwa wa uwele au mtama. Nyanda za juu kusini ulikuwa wa ulezi. Pwani ulipikwa kwa mchele au muhogo na kutiwa tui la nazi. Wahaya na Wachaga walimpondea mtoto ndizi, na kwa Wamaasai maziwa ya ng'ombe yalitangulia nafaka yoyote. Mahindi yaliletwa Afrika na Wareno kutoka Amerika ya kitropiki, lakini kwa muda mrefu yalibaki zao dogo lililopandwa kando ya mengine. Katika sehemu kubwa ya bara yamekuwa chakula kikuu ndani ya karne ya 20 tu. Kwa hiyo uji mweupe wa mahindi, ambao leo unaonekana kama chakula cha mtoto tangu zama za mababu, ni mgeni wa juzi.

Kabla ya uji palikuwa na ziwa, na ziwa lilikuwa na taratibu zake. Mama aliyejifungua alipumzishwa. Katika nyumba za Waislamu wa pwani alikaa ndani siku arobaini akilishwa uji wa pilipili manga na kukandwa maji ya moto, na Uchagani aliletewa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Jamaa walielewa kwamba kumlisha mtoto kunaanza kwa kumlisha mama. Mtoto alinyonya muda mrefu, kwa kawaida miaka miwili au zaidi, na kwa Waislamu muda huo wa miaka miwili umetajwa katika Kurani, sura ya Al-Baqara. Hata hivyo si kila desturi ilimfaa mtoto. Katika sehemu nyingi maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano, yalikamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa ni machafu, ilhali ndiyo yenye kinga nyingi kuliko yote. Mtoto pia alinyweshwa maji, asali au dawa ya mchango siku za mwanzo kabisa, na pamoja navyo akanyweshwa vijidudu.

Desturi iliyotawala zaidi maisha ya wazazi ni ile ya kutobemenda mtoto. Iliaminika kwamba wazazi wakikutana kimwili kabla mtoto hajakua, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, maziwa huharibika na mtoto hudhoofika, huchelewa kutembea, hata kufa. Maziwa hayaharibiki kwa njia hiyo. Lakini mwiko huo ulifanya kazi ambayo sayansi ingekuja kuiheshimu baadaye, kwa kuwa ulitenganisha uzazi mmoja na mwingine kwa miaka miwili au mitatu, hivyo mtoto hakunyang'anywa ziwa mapema na mdogo wake. Ubaya wake ni kwamba ulimgeuza mama mshtakiwa. Mtoto akikonda, watu walihoji tabia yake kabla ya kuuliza chungu chake kina nini. Wanawake wengi walimficha mtoto mgonjwa ndani wakiogopa kusemwa, na wengine hadi leo hukwepa kliniki kwa sababu hiyo hiyo.

Kuachisha ziwa kwenyewe kulikuwa kwa ghafla. Mama alipaka chuchu shubiri au pilipili, au mtoto alipelekwa kwa bibi yake akae huko hadi asahau. Kwa bibi alilala vizuri na kubembelezwa, lakini alikula kile walichokula wakubwa, katika sahani moja nao, mara mbili au tatu kwa siku. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akishindana na kaka zake kwenye sinia la ugali hashibi. Hapo ndipo palipokuwa na mwanya, na mambo ya karne ya 20 yaliupanua.

Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ilitangaza kodi ya nyumba, na wanaume wakaanza kutafuta fedha ya kuilipa. Mkonge, ambao Richard Hindorf alikuwa ameuleta mwaka 1893, uliwavuta maelfu kwenda Tanga na Morogoro, na chini ya Waingereza safari hizo za vibarua ziliendelea kwa miongo mingi. Nyumbani jembe lilibaki mikononi mwa mwanamke. Msimu wa kilimo pia ni msimu wa njaa, kwa kuwa ghala limepungua na mazao mapya hayajakomaa, na katika miezi hiyo mama aliondoka alfajiri na kurudi jioni. Mahindi yalimfaa kwa sababu za kazi. Mtama na uwele huliwa na ndege, hivyo shamba lake huhitaji watoto wa kuwinga, na watoto hao walikuwa wanaanza kwenda shule. Hindi limefunikwa kwa maganda yake. Mashine za kusaga zilipofika, mama alipona adha ya kutwanga, ila sembe iliyokobolewa ilikuwa imepoteza kiini na pumba, yaani sehemu kubwa ya mafuta, vitamini na madini ya punje. Kila hatua ilikuwa ya busara kwa mtu aliyeelemewa na kazi. Jumla yake ilikuwa uji mweupe usio na kitu ndani yake, ukipikwa mara chache.

Ugonjwa uliotokana na hali hiyo ulionekana wazi Afrika yote ya kitropiki: mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anavimba miguu na uso, nywele zinakuwa nyekundu na kunyonyoka, ngozi inabanduka, na anakuwa mnyonge asiyetaka kuchezewa. Kwa Kiswahili unaitwa unyafuzi. Daktari wa kwanza kuueleza vyema kwa Kiingereza alikuwa Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Mwaka 1933 alichapisha makala iliyouhusisha na mlo wa mahindi, na mwaka 1935 akatumia jina la wenyeji wa Accra, kwashiorkor. Kina mama wa huko walikuwa wamekwisha kuona kwamba ugonjwa huo humpata mtoto ambaye mdogo wake amezaliwa. Baadhi ya wakubwa wa tiba London walimkatalia, wakisema ni pelagra, ugonjwa mwingine wa upungufu wa lishe. Daktari Hugh Trowell, katika hospitali ya Mulago, Kampala, alibishana nao kwa miaka mingi kabla hoja haijakubaliwa, na kitabu alichokiandika na wenzake kuhusu ugonjwa huo kilitoka mwaka 1954.

Baada ya kukubaliwa, tiba ilipewa jina moja: protini. Maziwa ya unga yaliyotolewa malai, ziada ya wakulima wa Marekani, yalisafirishwa kwa meli na kugawiwa katika hospitali na misheni za Afrika Mashariki miaka ya 1950. Watoto wengi waliokolewa wodini. Wakirudi nyumbani, wengi waliugua tena, kwa sababu maziwa hayo hayakuwa na mizizi kijijini. Madaktari wa Mulago waliliona hilo mapema. Mwaka 1965 walifungua kituo cha Mwanamugimu, ambamo mama alilazwa pamoja na mtoto na kufundishwa kumponya kwa vyakula vya shamba lake mwenyewe, hasa kwa kuchanganya chakula kikuu na maharage, karanga, samaki au maziwa. Mtoto akipona kwa chakula ambacho mama amekipika kwa mkono wake, mama huwa mwalimu wa majirani. Somo hilo la Kampala lilikuwa muhimu kuliko shehena nzima ya maziwa ya unga.

Wakati huo huo kilipatikana chombo kingine ambacho kimeingia katika kila nyumba ya Tanzania. David Morley, daktari Mwingereza aliyefanya kazi katika kijiji cha Imesi, Nigeria, mwishoni mwa miaka ya 1950, aliwapima watoto uzito kila mwezi na kuchora mstari wa ukuaji kwenye kadi iliyokaa kwa mama, ndani ya mfuko wa plastiki. Katika hospitali za kikoloni kumbukumbu zilikaa kabatini kwa karani. Hapa zilikaa chini ya godoro la mzazi. Kadi ya kliniki ya Tanzania ilifuata mfano huo, ikawa na maeneo ya rangi: kijani, kijivu na nyekundu. Mzani ni wa kuning'iniza. Huwekwa kwenye boriti ya zahanati au tawi la mwembe, mtoto anavalishwa bukta yenye mikanda, ananing'inizwa, analia, mshale unacheza kisha unatulia, na mhudumu anatia nukta kwenye kadi na kuiunganisha na ile ya mwezi uliopita. Mstari ukipanda, mama anachekelea. Ukilala, hata mama asiyejua kusoma anaona kwamba kuna jambo, wiki kadhaa kabla macho hayajaona mtoto amekonda.

Serikali ya Tanzania huru ililichukua suala la chakula cha mtoto kama suala la siasa. Mwaka 1973 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka huo huo kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu takriban milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, na mwaka 1975, nchi ikiwa imetoka katika ukame mkali uliolazimisha kuagiza nafaka kwa wingi kutoka nje, ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Vikundi viliketi kuzunguka redio moja, vikasikiliza, kisha vikaamua nini kifanyike pale walipo: bustani ya mboga, kuku, shamba la maharage. Kampeni hizo zilieneza elimu. Ila zilibeba pia dhana kwamba mama akijua, mtoto atakula, na dhana hiyo haikufika mbali. Mama aliyelima ekari mbili kwa jembe la mkono, akachota maji na kuni, alikwisha kujua kwamba mtoto anastahili kula mara tano. Saa na nguvu za kumpikia mara tano ndizo alizokosa.

Ukweli huo ulipewa uzito Iringa. Mpango wa lishe wa mkoa huo, uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za serikali ya Italia, ulianza mwishoni mwa mwaka 1983 katika vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kiliadhimisha siku ya afya. Watoto wote wa chini ya miaka mitano walipimwa hadharani, na hesabu ikapelekwa kwenye serikali ya kijiji: wangapi wako kijani, wangapi kijivu, wangapi nyekundu. Kisha kikao kikaulizwa kwa nini. Hilo lilikuwa geni kabisa. Wazee ambao walizoea kujadili mipaka ya mashamba na michango ya shule walijikuta wakijadili kwa nini mtoto wa fulani ana kilo saba. Majibu hayakuishia kwenye protini. Mtoto alikula mara mbili tu kwa sababu mama yuko shambani tangu asubuhi, alikuwa na malaria au surua, baba ameuza mahindi yote, nyumba haina maji karibu.

Hatua zilifuata majibu. Vijiji vilifungua vituo vya kulelea watoto mchana ambako walipikiwa uji wakati mama wako shambani. Wahudumu wa afya wa kijiji, mwanamke na mwanamume, walifundishwa kufuatilia nyumba zenye watoto wa eneo jekundu. Chanjo na matibabu ya malaria vilisogezwa karibu. Kati ya mwaka 1984 na 1988, watoto wenye utapiamlo mkali katika vijiji hivyo walipungua kutoka takriban asilimia 6 hadi chini ya 2, na wenye uzito pungufu kwa jumla wakashuka kutoka zaidi ya nusu hadi asilimia 38 hivi. Mawazo ya Iringa, yakisukumwa na wataalamu kama Urban Jonsson, ndiyo yaliyojenga mkakati wa lishe ambao UNICEF iliupitisha mwaka 1990 na ambao mataifa mengi bado yanautumia, unaosema kwamba mtoto hutegemea kwa pamoja chakula, matunzo na afya. Ni nadra vikao vya vijijini vya Afrika kufundisha dunia namna ya kufikiri, na heshima hiyo ya Iringa haitajwi vya kutosha.

Iringa na Taasisi ya Chakula na Lishe walishughulikia pia uji wenyewe, na hapo hadithi inarudi kwa bibi. Uji wa mahindi una kikwazo cha kimaumbile. Wanga hunyonya maji na kuvimba, hivyo uji mwepesi anaoweza kuunywa mtoto wa miezi minane huwa na unga asilimia 5 tu hivi, kama kijiko kimoja kikubwa katika kikombe kizima. Tumbo linajaa maji kabla mwili haujapata nguvu. Ukiongeza unga, uji unakuwa ugali na mtoto anautema. Dawa ilikuwa imekaa jikoni siku zote: kimea, kile kile cha pombe na togwa. Ulezi au mtama huoshwa, huloweshwa usiku kucha, hutandazwa na kufunikwa hadi uote kwa siku mbili tatu, huanikwa juani, huondolewa machipukizi na kusagwa. Kijiko kimoja cha unga huo kikikorogwa katika uji mzito ambao bado una moto, dakika chache baadaye uji unalegea na kutiririka, kwa kuwa vimeng'enya vya nafaka iliyoota vimekata wanga. Uji wenye unga mara tatu au nne zaidi unanyweka kwa kikombe. Mama akipata nafasi ya kupika mara tatu tu, kila kikombe kinabeba zaidi, na hivyo kimea kinamwokolea muda, kitu adimu kuliko vyote nyumbani. Togwa, uji uliochachushwa kwa kimea bila kufikia ulevi, nao ulichunguzwa miaka ya 1980 na 1990. Ilionekana kwamba uchachu wake huzuia vijidudu kukua na kwamba watoto walioutumia waliharisha kidogo kuliko wenzao. Wanawake wa kusini walikuwa wakiwapa watoto togwa siku zote, mara nyingi wakikaripiwa na wahudumu walioiona kama pombe.

Mjini ziwa la mama lilishindana na kopo. Maziwa ya unga ya watoto yalitangazwa kote Afrika kwa picha za watoto wanono, na mama wa mjini aliyeyanunua kwa fedha ya kuunga aliyazimua kupita kiasi, katika chupa aliyoshindwa kuichemsha kila mara. Cicely Williams alikuwa ameonya kuhusu hatari hiyo tangu mwaka 1939, katika hotuba yake ya Singapore. Malalamiko yakakua miaka ya 1970, nchini Marekani ukaanza mgomo dhidi ya bidhaa za Nestlé mwaka 1977, na mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha kanuni za uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama kwa kura 118, Marekani pekee ikipinga. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994. Kisha UKIMWI ukavuruga kila kitu, kwa kuwa virusi hupita katika maziwa. Kwa miaka kadhaa mama mwenye maambukizi aliwekwa kati ya hatari mbili, kunyonyesha au kutumia kopo bila maji salama, hadi dawa za kufubaza virusi zilipofanya mwongozo wa dunia wa mwaka 2010 kurudi kwenye ziwa. Leo ushauri ni ziwa pekee miezi 6, bila hata maji. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya malipo ya siku 84 na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha baada ya hapo. Mama ntilie na mkulima hawamo katika sheria hiyo, na hao ndio wengi.

Uji wa leo unauzwa dukani kwa jina la unga wa lishe: mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, wakati mwingine dagaa, vyote katika mfuko mmoja. Nia ni njema, lakini kila kiungo kinakuja na hifadhi yake, na karanga au mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu hubeba sumukuvu. Mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 vifo vikatokea Dodoma na Manyara. Ndiyo maana maofisa lishe wengi wanapendelea uji wa nafaka moja iliyochambuliwa vizuri, huku karanga, mayai, mboga na matunda vikipewa mtoto kwa namna yake.

Kipimo nacho kimebadilika. Zamani uzito ulitosha, lakini mtoto mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake anaweza kuwa na uzito unaoonekana wa kawaida kwa jicho la jirani. Udumavu, ambao uliwapata takriban nusu ya watoto wa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulishuka hadi asilimia 34 katika utafiti wa 2015-16 na asilimia 30 mwaka 2022. Iringa ndiyo iliyoongoza nchi nzima kwa udumavu katika utafiti huo wa mwisho, ikizidi nusu ya watoto, na Njombe na Rukwa zikaifuata. Mikoa hii ni ghala la taifa. Inalima mahindi, viazi na maharage ya kulisha miji, na mwanamke ndiye anayelima, kuvuna na kupanga mizigo, mtoto akiwa mgongoni au ameachiwa dada wa miaka minane. Vituo vya kulelea vilivyopika uji miaka ya 1980 vilikufa katika vijiji vingi fedha za mpango zilipokwisha.

Mwezi Desemba 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mikataba ya lishe mbele ya Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, na halmashauri zikatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji imerudishwa kila robo mwaka. Watoto wanapimwa urefu na uzito, mduara wa mkono unazungushiwa utepe wa rangi, kina mama wanapika pamoja, na taarifa inasomwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, ambaye anatakiwa kueleza katika kikao kijacho ni wangapi wametoka katika rangi nyekundu.